Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tuingie Mahakamani kwa Mlango Upi

Assalaam alaykum, wanachama wenzangu wa chama chetu cha wavuvi wa Lamu, wazee wangu, na mama zangu mliotoka Matondoni, Kipungani na Shela, pamoja na nyinyi mliovuka kutoka Faza na Kizingitini.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na habari za nyavu na mashua ziko kwa katibu. Mimi nina jambo moja, lile lililotushughulisha tangu kaskazi hadi kusi.

Ilipotufikia habari kwamba kuna kesi Malindi inayogusa maji tunayovua, sote tulisema: twende tukamshauri jaji. Nani anayeijua Mkanda, mlango wetu wa maji, kama sisi? Mmoja wetu alikuwa ameisoma Katiba ya 2010, ibara ya 22, inayosema kuwa mtu au shirika lenye utaalamu maalumu laweza, kwa ruhusa ya mahakama, kufika mbele yake kama rafiki wa mahakama. Neno hilo lilitupendeza. Mimi ndiye niliyelipenda zaidi, na barua ya kwanza niliiandika kwa mkono wangu.

Wakili aliyekubali kutusaidia bila malipo aliisoma barua ile barazani, kisha akauliza: jaji akiamua dhidi ya wavuvi, nyinyi mtapoteza nini? Wazee wakamjibu mmoja baada ya mwingine: pa kutegea malema, pa kutupa jarife, miamba ya kamba, njia ya kupitia usiku maji yakiwa mafu. Akasikiliza hadi mwisho, akasema: basi nyinyi si marafiki wa mahakama. Baadhi yenu mliondoka na hasira, mkidhani ametudharau kwa kuwa hatuna vyeti. Nataka leo lieleweke, maana hasira hiyo ilitugharimu.

Mwaka 2015, katika shauri la Trusted Society of Human Rights Alliance dhidi ya Mumo Matemo, Mahakama ya Juu iliweka mipaka ya rafiki wa mahakama. Rafiki wa mahakama huleta hoja za sheria, tena zile ambazo wenye kesi hawajazigusa. Haegemei upande. Huja mapema, wala haongezi kesi yake juu ya kesi ya watu. Wenye kesi wakimkubali au wakimkataa, mahakama hulitazama hilo, lakini uamuzi ni wake. Hata Mwanasheria Mkuu aweza kuitwa kwa kazi hiyo, jambo likiwa la maslahi ya umma. Na jaji hafungwi na anachoambiwa na rafiki huyo. Thamani yake yote imo katika kuaminika kwamba hana anachokitafuta pale.

Sasa sisi, ambao watoto wetu hula kutokana na maji yale, tungesimamaje tukasema hatuna tunachokitafuta? Tena kama sisi tungevaa joho la asiye na upande, kesho upande wa pili nao ungemleta mtu wao na joho lile lile, na jaji asingejua amwamini nani. Niliposhika hili niliichana barua yangu.

Mlango wetu ni mwingine. Ni wa mhusika mwenye maslahi, yaani mtu ambaye kesi ya wengine inamgusa naye akaomba kuingizwa. Huyu hatakiwi kuficha kinachomuuma. Kinyume chake, hukionyesha. Katika uamuzi wake wa 2016 kwenye shauri la Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema aonyeshe maslahi yake katika shauri, aeleze madhara yatakayompata asipoingizwa, na atoe hoja zake mwenyewe, si kurudia za wengine. Hayo yote tunayo.

Na upo mlango wa shahidi, ambao mimi nauona ndio mkubwa kwa wazee wetu. Sheria ya Ushahidi haimsikilizi mwenye shahada peke yake. Panapobishaniwa desturi ya watu, mahakama yaweza kupokea maoni ya mtu ambaye angeijua desturi hiyo kama ingekuwapo. Wazee wangu, huyo ni nyinyi.

Tazameni yaliyopita hapa kwetu. Kesi ya bandari ya Lamu, iliyofunguliwa 2012 na kuamuliwa na Mahakama Kuu 2018 kwa fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600, ilipelekwa na wakazi wenyewe wakiwa walalamikaji. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 pale Kwasasi ilifutwa na Baraza la Taifa la Mazingira tarehe 26 Juni 2019, baada ya Save Lamu, shirika la hapa kwetu, na wakazi kukata rufaa. Wataalamu waliosimama upande wao walikuja kama mashahidi, wakahojiwa na mawakili wa upande wa pili. Hakuna aliyejificha nyuma ya jina la urafiki.

Kosa letu la mwaka huu ni wakati. Tulibishana juu ya jina kwa muda mrefu, na ombi letu likapelekwa likiwa limechelewa. Bado tunasubiri kuambiwa kama litapokewa. Lawama hiyo naibeba mimi kabla ya kamati. Na lilikuwapo jingine lililoniumiza zaidi: tulipokaa kuandika maelezo ya mashahidi, mwamba mmoja ulipewa majina matatu, na mzee aliyeijua mipaka ya zamani ya malema alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Mola amrehemu. Hatukuwa tumemwandika hata mstari mmoja.

Kamati imekubaliana daftari lifunguliwe. Kila mwamba, kila mlango wa maji, nani huvua wapi na msimu gani, pamoja na jina la aliyesema na siku aliyosema. Vijana wawili wa sekondari wamejitolea kuandika. Tutaanza Ijumaa ijayo baada ya alasiri, hapa hapa barazani, na wazee wa Kipungani ndio watakaotangulia. Mama zetu mnaookota pwani maji yakitoka, nanyi njooni. Huko nyuma hatukuwauliza.