Risala ya Kikundi cha Walezi wa Wazee Wenye Ugonjwa wa Kusahau, Wilaya ya Hai, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro,
Viongozi wa dini na wa serikali za vijiji,
Wazee wetu, walezi wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo, tarehe 21 Septemba, Siku ya Alzheimer Duniani, na tunakushukuru wewe kwa kukubali mwaliko wa kikundi kisicho na ofisi wala gari. Wanachama wetu ni mabinti, wakwe, wake na wajukuu, pamoja na wanaume wachache, wanaowatunza nyumbani wazee wenye ugonjwa wa kusahau, yaani dimenshia, ambao Alzheimer ni aina yake mojawapo. Tumekuja na ombi moja: huduma ya daktari bingwa kwa njia ya tibamtandao, yaani kumwona daktari aliye mbali kwa simu au video, ifike kwenye vituo vya afya vya wilaya hii, na ifike kwa namna itakayomhudumia mlezi pamoja na mgonjwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ugonjwa huu si mgeni Hai. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya wilaya hii na kuchapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na kuendelea wana dimenshia. Majumbani bado tunaambiwa kuwa ni uzee tu, na wengine wanaambiwa maneno mabaya zaidi ya hayo.

Kumpeleka mzee Moshi mjini kumwona bingwa ni safari ya alfajiri. Anayetoka Machame juu hushuka kwa bodaboda hadi barabara kuu, akapanda daladala, kisha akasubiri kwenye benchi hadi mchana katikati ya watu asiowajua. Mzee aliyeondoka nyumbani akimtambua mwanawe humfikia daktari akiwa amechoka, amechanganyikiwa na ana hasira, hivyo daktari huona hali ya siku ile badala ya hali yake ya kila siku. Mwenzetu mmoja alirudi na mama yake akiwa ameandikiwa dawa ya usingizi pasipo maelezo, na juma lililofuata mama akaanguka usiku akienda msalani.

Baadhi yetu, kwa msaada wa ndugu walioko mijini, tumekwisha kuonja mazungumzo na bingwa kwa simu ya video. Daktari alimwona mzee akiwa kwenye kiti chake mwenyewe, akaiona ngazi yenye giza ya kuelekea uani, akaomba dawa zote za nyumbani zipangwe juu ya mkeka mbele ya kamera. Katikati ya vidonge vya presha zilikuwamo dawa za mafua za dukani, zile zinazoleta usingizi, ambazo humwongezea mzee kuchanganyikiwa, na hakuna aliyewahi kutuuliza habari zake. Mzee mwenyewe alilalamika kuwa ni aibu mgeni kuzungumza muda wote ule bila kukaribishwa chai, ikabidi binti yake aweke kikombe mbele ya simu.

Hata hivyo, Mheshimiwa, simu peke yake haitoshi. Katika wilaya hii hii watafiti walitengeneza kipimo cha kumbukumbu kinachomfaa hata mzee asiyejua kusoma, na sehemu yake mojawapo humtaka mzee aige umbo lililopangwa kwa vijiti vya kiberiti. Vijiti hivyo lazima vipangwe na mtu aliyeko mezani pamoja naye. Presha, sukari, damu na mkojo navyo lazima vipimwe hapo hapo, kwa kuwa maambukizi yanayotibika huweza kumvuruga mzee akili kwa siku chache na kudhaniwa kuwa dimenshia. Tena wazee wetu wengi, ugonjwa unapoendelea, hurudi kwenye Kichagga cha utotoni, lugha ambayo bingwa aliyeko Dodoma au Dar es Salaam huenda haijui. Kwa sababu hizo tunaomba kituo kiwe na muuguzi aliyefundishwa kazi hii, skrini kubwa, spika inayosikika na chumba chenye mlango unaofungika.

Mlango huo tunautilia mkazo kuliko vifaa vyote. Mkwe anayemwogesha baba mkwe wake hawezi kueleza mbele yake kwamba jana alipigwa kofi, kwamba nguo zilichafuka mara kadhaa kabla ya saa sita, au kwamba anatuhumiwa kuiba pesa ambazo mzee amezificha mwenyewe chini ya godoro. Mbele ya shemeji zake ndiyo kabisa hatasema. Atajibu kuwa wanaendelea vizuri, na bingwa ataandika kuwa wanaendelea vizuri. Tunaomba kila kikao kitengewe dakika za mlezi peke yake, naye aulizwe analala saa ngapi, nani humpokea, na kama amewahi kufikiri kuondoka. Tunasema haya tukijua kuwa wapo kati yetu waliokwisha kufikiri hivyo. Yatakayosemwa humo yalindwe kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyotaka, na picha ya mzee isirekodiwe pasipo ridhaa.

Tunaomba kazi hii ianze kwa siku moja tu kila wiki katika kituo kimoja, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakiwatambua wazee wanaohitaji, na gharama ya bando isiachiwe familia. Utaratibu wa Bima ya Afya kwa Wote unapoendelea kutekelezwa, tunaomba dakika za mlezi zihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu ya mgonjwa.

Kwa upande wetu, tumekubaliana kutoa mapazia na viti vya chumba hicho, na kupanga zamu ya kukaa na wazee wakati walezi wao wakizungumza na daktari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.