Kwa nini mjomba hakutundikiwa dripu

Kihesa, Iringa

Mpendwa rafiki yangu Tusajigwe,

Barua yako nimeipata, pamoja na salamu za wazee wa Tukuyu, na nimefarijika kusikia kwamba mjomba sasa anakaa mwenyewe na kula uji. Unaandika kwa uchungu kwamba presha yake ilishuka, mikono ikawa ya baridi, na bado wauguzi wakakataa kumtundikia dripu, jambo ambalo ndugu wote waliliona kuwa uzembe. Kwa kuwa kazi yangu ni hiyo hiyo ya wodini, niruhusu niseme kwamba katika hilo walifanya sawa.

Mtu aliyeharisha mchana kutwa, au aliyevuja damu nyingi kwa ajali pale Kitonga, presha yake hushuka kwa sababu mishipa imepungukiwa, naye dripu humwokoa. Mjomba damu alikuwa nayo ya kutosha, ila moyo ulishindwa kuisukuma, hali ambayo kitaalamu huitwa cardiogenic shock. Moyo ukidhoofu hivyo, damu hurundikana nyuma yake na maji huvujia mapafuni, ndiyo maana hakuweza kulala chali. Kumwongezea lita mbili kungekuwa kama kumwaga maji kwenye karo lililoziba. Wapo wachache, hasa walioumia upande wa kulia wa moyo, ambao hupewa maji kidogo kwa kipimo huku daktari akisikiliza mapafu kila mara, lakini yeye hakuwa miongoni mwao. Hata ule mpira wa mkojo mliouona kuwa mateso ulikuwa na kazi yake: mkojo ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa, huku namba ya juu ya kipimo cha presha ikibaki chini ya 90, tunajua kwamba figo nazo hazipati damu.

Chanzo cha hali hiyo kwa wagonjwa wengi ni shambulio la moyo, yaani donge la damu kuziba mshipa unaoulisha msuli wa moyo, hadi sehemu kubwa ya chumba cha kushoto inashindwa kazi. Huku kwetu tunawaona pia vijana ambao valvu zao, yaani milango ya moyo, ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, na akina mama ambao msuli wa moyo hudhoofika karibu na kujifungua.

Kuhusu matibabu, oksijeni na noradrenalini ya kupandisha presha, wakati mwingine pamoja na dobutamini ya kuupa moyo nguvu, hununua muda tu. Dopamini, dawa nyingine ya kupandisha presha ambayo wengi wetu tulifundishwa kuikimbilia, imepoteza heshima yake tangu utafiti wa mwaka 2010 uonyeshe kwamba wagonjwa wa aina hii waliopewa dawa hiyo walikufa zaidi kuliko waliopewa noradrenalini. Tiba yenyewe ni kuuzibua mshipa. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999, baada ya miezi sita walikuwa wamefariki takriban 50 kati ya kila 100 waliozibuliwa au kupandikizwa mishipa mapema, na 63 kati ya kila 100 waliotibiwa kwanza kwa dawa. Unaona kwamba hata penye vifaa vyote, nusu hawakupona.

Kutoka Mbeya hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, barabara ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo namsifu daktari aliyeanza kwa dawa ya kuyeyusha donge kabla ya kuwaza safari. Kinachoniuma mimi ni kwamba kifua kilianza kubana alfajiri, naye akanyweshwa dawa za vidonda vya tumbo nyumbani mpaka jioni. Saa hizo ndizo msuli ulizokuwa ukifa, na hakuna wodi inayoweza kuzirudisha.

Sasa hakikisheni haachi aspirini wala dawa zake nyingine kwa sababu tu anajisikia nafuu, na fuatilieni rufaa ya Dar es Salaam ili mishipa yake ichunguzwe. Nitumie nakala ya karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo pamoja na majibu ya eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, nipate kuona chumba cha kushoto kimebaki na nguvu kiasi gani.

Wasalimie wote, na mjomba umpe pole zangu.

Rafiki yako,
Neema