YAH: KUZUIWA KUHAMISHA DOMEINI YANGU

Meneja, Huduma kwa Wateja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nina nyumba ya wageni hapa Bagamoyo. Tangu 2018 nawalipa kila mwaka ada ya domeini yangu ya .com, yaani jina langu la mtandaoni, sijachelewa hata mara moja, na risiti zote ninazo. Mwezi uliopita niliomba mwifungue na kunipa namba ya siri ya kuihamishia kwa msajili mwingine, yaani kampuni nyingine ya kusajili domeini. Nikaambiwa nilipie kwanza mwaka ujao. Nimepiga simu mara tatu, jibu ni lile lile.

Sera ya uhamisho ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeini duniani, inamtaka msajili ampe mteja namba hiyo ndani ya siku 5 tangu aombe, na hairuhusu kumzuia kwa ada ya kipindi ambacho hakijaanza. Nikihama, huko niendako nalipia mwaka mmoja unaoongezwa juu ya muda uliobaki. Kwa nini niulipie kwenu? Kama ninyi ni mawakala tu, nitajieni msajili wenu nizungumze naye.

Lililoniumiza zaidi nimeligundua wiki hii: kwenye kumbukumbu za usajili, mmiliki ni kampuni yenu. Fundi niliyemlipa anijengee nyumba haandikishi hati ya kiwanja kwa jina lake! Jina la domeini hiyo limechorwa kwenye kibao cha getini kwangu, na barua pepe zote za wageni kuweka nafasi hupita humo. Likipotea, mgeni aliyelipia chumba toka Ujerumani atanitafutia wapi?

Naomba mwandike jina langu kama mmiliki, kisha mnipe namba ya siri. Najua kubadilisha mmiliki kunaweza kuifungia domeini isihame kwa siku 60, na sera inawaruhusu kuniondolea zuio hilo nikiomba kabla ya badiliko. Basi naomba sasa, kwa maandishi haya, maana muda wa domeini unaisha wiki saba zijazo na siwezi kukaa kifungoni mpaka upite.

Nimeambatanisha nakala za risiti, leseni ya biashara na kitambulisho changu. Nasubiri jibu ndani ya siku 5, kwa maandishi, si kwa simu.

Mteja wenu,
Mmiliki wa nyumba ya wageni, Bagamoyo