Kabla hujatoa hiyo laki tano

Dar es Salaam,
18 Januari 2026

Ndugu yangu Athumani,

Salamu nyingi, mimi mzima, natumai na wewe na watoto hamjambo huko Muheza. Barua yako nimeipata pamoja na tangazo ulilolikunja ndani: laptopu mpya ya inchi 14 ikiwa kwenye boksi lake, prosesa ya Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4 GB, hifadhi 64 GB, Windows 11, laki tano. Unauliza kama itatosha kuchapa mitihani, kupanga alama kwenye Excel, kuingia PReM (ule mfumo wa mtandaoni wa taarifa za wanafunzi) na kikao cha Zoom cha mara mojamoja. Mwalimu, usiinunue. Sababu naziandika kwa kirefu maana nakujua, utamrudia muuzaji, na yeye maneno hayamwishi.

Kwenye tangazo lile, kilichonishtua zaidi ni hiyo 64 GB. Hiyo si SSD, ile hifadhi yenye kasi. Ni eMMC, chipu ya hifadhi ya aina inayowekwa kwenye simu za bei ya chini, na imechomelewa kwenye bodi. Haiwezi kusoma na kuandika kwa wakati mmoja, ni kama daraja la gari moja: huyu akipita, yule anangoja. Windows 11 yenyewe inadai hifadhi isiyopungua 64 GB, kwa hiyo hapo unanunua kima cha chini kabisa kinachoruhusiwa. Ukiiwasha itakuonyesha 58 hivi, kwa sababu mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, na kipande kingine kimetengwa kwa ajili ya kurejesha mfumo. Mfumo ukishajitandaza na Office ikaingia, unabakiwa na GB ishirini na kitu. Baada ya miezi kadhaa linakuja sasisho kubwa la Windows nalo linataka nafasi ya kupumulia, halipati, na mashine inaanza kukuomba uchomeke flashi ili ijisasishe. Watu wengi hapo hufuta mafaili yao, kisha wiki inayofuata ujumbe uleule unarudi.

RAM ya 4 GB inaongeza maumivu. Windows ikiwa imewaka tu, hujafungua kitu, imeshakula zaidi ya nusu. Fungua Chrome, ingia PReM, weka Excel pembeni na WhatsApp juu yake, RAM imejaa. Ikijaa, Windows inaazima nafasi kwenye hifadhi, na hifadhi yenyewe ndiyo lile daraja la gari moja. Ndipo unapoandika neno na herufi zinatokea baada ya kushusha pumzi. Nayo RAM hiyo kwa kawaida imechomelewa, hakuna tundu la kuongezea, fundi hana la kukusaidia. Hapo ndipo ubaya wake ulipo: mashine inakwama kwa upungufu ambao kwenye laptopu nyingine ungetibiwa kwa bisibisi na nusu saa.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Mashine za namna hii ni nyepesi, nyingi hazina feni, na prosesa ya wati 6 haimalizi chaji haraka. Kwa mtoto wa kidato anayeandika insha na kusoma PDF, zinafaa. Na kama roho yako imeng'ang'ania boksi jipya, basi angalau tafuta yenye Intel N100, RAM 8 GB na SSD ya 256 GB. N100 imetoka mwaka 2023, ina kori (viini vya kuchakata) nne, wakati N4020 ni ya 2019 na ina mbili. Jina la Celeron kwenye laptopu Intel waliliacha mwaka huohuo wa 2023, kwa hiyo ukiliona dukani leo jua kilichomo ndani kina umri, hata kama nailoni ya boksi bado haijachanwa.

Ila kwa pesa hiyo, au ukiongeza kidogo, mimi ningekwenda kwenye mtumba wa ofisini. Makampuni ya Ulaya na kwingineko hubadilisha laptopu baada ya miaka michache, zinasafishwa na kuingia sokoni kwetu, nyingine kupitia Dubai. Hizo zilijengwa zitumike siku nzima na zifunguliwe na mafundi. Tatu za kuulizia ni HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490 na Lenovo ThinkPad T480. Zote zina matundu mawili ya RAM, SSD inayobadilishika, na kwa kawaida prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha nane yenye kori nne.

Hicho kizazi ndicho kitakuponza usipokuwa macho. Muuzaji atakwambia "hii i5" na kunyamaza. i5 peke yake haisemi kitu. Angalia namba inayofuata: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-7200U cha saba, i5-8250U cha nane. Windows 11 inazikubali rasmi Intel za kuanzia cha nane, ukiacha chache sana za cha saba, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, sasa haipati marekebisho ya kawaida ya usalama. Mafundi wanajua kuisukumiza Windows 11 kwenye kizazi cha sita, na inawaka vizuri tu, lakini masasisho makubwa ya kila mwaka hayaji yenyewe. Ukikuta ya sita yenye hali nzuri kwa bei ya kutupa, ichukue kwa sharti moja: uiwekee Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows) na LibreOffice (ya bure badala ya Office). Alama zako zitapangika vilevile, ila faili la Excel lenye makro (amri za kujiendesha) huenda likagoma.

Ukifika dukani usiridhike na mashine iliyowashwa tayari inayoonyesha picha ya maua. Mwombe aizime, uiwashe mwenyewe, na ubonyeze F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa Lenovo, uingie BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine. Ikidai neno la siri, rudisha mezani. Kwenye ThinkPad neno la siri la msimamizi haliondoki kwa kuchomoa betri ndogo ya bodi, wala usikubali "nitakutolea kesho".

Kisha betri. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, Enter, halafu andika powercfg /batteryreport na Enter tena. Itakutajia mahali ilipohifadhi ripoti, ifungue. Tafuta Design Capacity na Full Charge Capacity. Ya kwanza ikiwa 50,000 mWh na ya pili 31,000, betri imebakiza asilimia 62, na hapo shusha bei kabla ya kusifia kitu kingine chochote. Chini ya asilimia 60 hesabu kabisa gharama ya betri nyingine, hasa na umeme wetu unavyokatika. T480 ina raha yake hapa: ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma inayochomolewa kwa mkono, na ile ya nyuma unaibadilisha laptopu ikiwa inafanya kazi. Ina na ugonjwa wake pia. Tundu la USB-C la Thunderbolt lilitoka na programu mbovu ya ndani inayoweza kulifanya liache kufanya kazi na hata chaji igome. Lenovo walitoa marekebisho. Mwambie muuzaji akuonyeshe kuwa yamewekwa, na ujaribu chaja kwenye matundu yote mawili.

Kuna mtego mwingine ambao watu hawaujui hadi waumie. Laptopu ya ofisi inaweza kuwa bado imesajiliwa kwa mwajiri wa zamani. Dukani haina shida. Siku ukiifuta na kuianzisha upya ikiwa kwenye intaneti, inakutokea nembo ya kampuni ya Uholanzi na kukudai barua pepe ya kazini. Dawa ni kumtaka muuzaji aifute na kuianzisha mbele yako, hotspot ya simu yako ikiwa imewashwa. Itakula muda, beba gazeti.

Kibodi iangalie kwa macho. Zilizotoka Uingereza zina £ juu ya 3, na plagi yao ya meno matatu inaingia kwenye soketi zetu bila adapta. Zilizotoka Ufaransa zina A mahali pa Q, na stika za kufunikia hubanduka kwa jasho. Kioo kiwe 1920 kwa 1080. Vile vya 1366 kwa 768 vitakuficha baadhi ya safu za Excel. Dai risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa, hata ya miezi mitatu.

Ukiipata, RAM iwe 8 GB, na kama tundu la pili ni tupu acha 16 kwa siku nyingine. Na siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kufungua Word, ingia Settings, Network & internet, chagua Wi-Fi ya simu yako na uwashe Metered connection. Usipofanya hivyo Windows itapakua masasisho usiku kucha na utaamka bando limekwisha, halafu utasema mtandao wa simu umekuibia.

Nitakuwepo mjini hadi mwisho wa mwezi. Ukifika Kariakoo, nipigie picha ya stika ya chini ya mashine na ya ukurasa ule wa betri, nitakujibu papo hapo. Hela iwe bado mfukoni mwako.

Wako,
Salehe