Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Udongo Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Walimu, wazazi na walezi wetu,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana.

Kwa niaba ya wanaklabu wote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi na barabara iliyoharibiwa na mvua. Karibu sana.

Tunajua umezoea kusomewa risala za madawati, maji na matundu ya vyoo. Mahitaji hayo tunayo, na Mkuu wa Shule atayaeleza vizuri kuliko sisi. Sisi tumekuja na habari ya udongo, hasa udongo wa nyasi za asili ambao haujawahi kuguswa na jembe. Kabla hatujaendelea, tunamwomba mwenzetu atumbukize mabonge mawili makavu katika zile bilauri za maji mezani pako. Bonge la kulia limetoka shamba la mahindi la shule. La kushoto limetoka kwenye nyasi nyuma ya bweni. Tutayarudia baadaye.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni majirani wa Serengeti. Wageni huja kutoka mbali kuangalia nyumbu zaidi ya milioni moja, na wakiondoka hakuna aliyeuliza nani anazilisha hizo nyasi. Jibu la kwanza ni majivu ya volkano kutoka nyanda za juu za Ngorongoro na Ol Doinyo Lengai, yaliyojaza madini katika uwanda wa nyasi fupi ambako nyumbu huenda kuzaa. Lakini madini yakikaa tu ardhini mzizi hauyafaidi. Wanaoyafungua na kuyapitisha ni bakteria, fangasi na viumbe wengine wasioonekana kwa macho.

Gramu moja tu ya udongo inaweza kuwa na bakteria wapatao bilioni moja, wa aina maelfu. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Watanzania milioni 61.7, hivyo taifa zima halifikii idadi ya wakazi wa chembe hiyo ya udongo. Darasani tunakutana nao zaidi katika mada ya magonjwa, na ni kweli si wote ni wema. Wafugaji waliopo hapa wanaijua kimeta, ambayo vimelea vyake hukaa malishoni miaka mingi vikisubiri mnyama. Lakini dawa ya streptomaisini, iliyowaokoa wagonjwa wengi wa kifua kikuu, nayo ilipatikana mwaka 1943 kutoka kwa bakteria wa udongoni.

Waliotushangaza zaidi ni fangasi wanaoishi ndani ya mizizi ya nyasi. Hawa hutoa nyuzi nyembamba kuliko unywele, zikapenya mahali ambapo mzizi hauwezi kufika, zikaleta fosforasi na maji. Nyasi nazo hulipa kwa sukari, hadi asilimia 20 ya ile zinayotengeneza kwa jua. Kila aina ya nyasi inamwaga vitu vyake mizizini na kuvutia vijidudu vyake. Mahali penye nyasi za aina nyingi, basi, chini kuna karamu ya watu wengi. Panapobaki mahindi peke yake, wengi hukosa cha kula.

Mwaka 1997, Samuel McNaughton wa Marekani na wenzake, akiwemo F. F. Banyikwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walionyesha kwamba mahali wanyama wa Serengeti wanapopenda kula, naitrojeni huzunguka haraka zaidi udongoni. Mnyama anakula, anaacha mkojo na kinyesi, vijidudu vinavunja, nyasi zinachipua zikiwa na lishe, na mnyama anarudi palepale. Wazee wetu wanaikumbuka sotoka, ugonjwa uliokuwa ukiua ng'ombe na nyumbu. Ng'ombe walipochanjwa na ugonjwa ukaisha kwa nyumbu miaka ya 1960, nyumbu waliongezeka kutoka kama robo milioni hadi zaidi ya milioni moja katika miaka ya 1970. Nyasi zilizokuwa zikibaki kavu na kuungua zikaanza kuliwa, moto ukapungua, na mali iliyokuwa ikipaa na moshi ikarudi ardhini kama samadi.

Sasa tunaomba uangalie bilauri. Bonge la shambani limeshasambaratika na maji yamekuwa tope. Lile la kwenye nyasi bado limeshikamana, na maji yake unaweza kusoma gazeti ukitazamia ndani yake. Udongo wenyewe ni mmoja, umbali ni wa kutupa jiwe. Tofauti ni mizizi, nyuzi za fangasi na utomvu wa bakteria, vinavyofunga chembe pamoja na kuacha vijitundu vya kupitisha mvua. Plau ikipita, nyuzi hukatika, hewa huingia, na mboji iliyotunzwa miaka mingi huliwa upesi. Mzazi yeyote aliyewahi kufyeka shamba jipya anajua kwamba misimu ya kwanza huvuna hadi ghala kukosa nafasi, kisha ardhi huchoka. Mvua kubwa ikija, tunauona udongo wetu mtoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapo ndipo penye ombi letu. Eneo la nyasi nyuma ya bweni ndilo pekee shuleni ambalo halijalimwa, na upo mpango wa kulilima lote mwakani kwa ajili ya mahindi ya chakula cha mchana. Hatupingi chakula, sisi ndio walaji. Tunachoomba ni utusaidie kuzungumza na Bodi nusu yake ibaki kama ilivyo. Kwa nusu nyingine na shamba la zamani, wanaklabu tuko tayari kubeba samadi kutoka kwa wafugaji jirani na kuchanganya mahindi na kunde, ambazo mizizi yake hufuga bakteria wa kukamata naitrojeni ya hewani. Tunaomba pia uchomaji wa nyasi siku za usafi usitishwe, na ikiwezekana tupate hadubini. Iliyopo ni moja, inatumiwa na kidato cha kwanza hadi cha nne, na lenzi yake kubwa imepasuka, hivyo hao bilioni moja tuliowataja bado tunawasoma kitabuni.

Baada ya risala, tunakukaribisha ukakague eneo lenyewe. Kuna kichuguu ambacho mvua hizi zimekiotesha uyoga. Mchwa huulima chini kwa chini, na mama mpishi ameahidi kutouchuma mpaka wewe utakapokuwa umepita.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanaklabu wa Mazingira