Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyeko Stowmarket: kura ya udiwani inakuhusu

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sote hatujambo. Tulipozungumza kwa simu ulisema kwamba uchaguzi wa madiwani huko kaunti ya Suffolk, Uingereza, ni mambo ya wenyewe, tena ya wakulima ambao wamekuwa wakichagua chama kilekile cha Wahafidhina (Conservative) tangu enzi za babu zao. Nimeona nikujibu kwa maandishi, tena hadharani, kwa kuwa wapo Watanzania wengine wanaotunza wazee katika vijiji vya huko na wanaofikiri kama wewe.

Halmashauri ya Wilaya ya Mid Suffolk, hiyo inayozoa taka za mtaani kwako, ilianza kazi Aprili 1974, baada ya sheria ya mwaka 1972 kuunganisha miji ya Stowmarket na Eye pamoja na wilaya za vijijini za Gipping, Hartismere na Thedwastre. Enzi hizo wagombea binafsi, ambao Katiba yetu haiwaruhusu mpaka leo, walikuwa na nguvu kubwa katika halmashauri nyingi za mashambani Uingereza, kwa sababu mwanakijiji alimpigia kura jirani anayemfahamu bila kuuliza chama chake. Baadaye vyama vilishika hatamu, na kufikia mwaka 2015 Wahafidhina walikuwa na viti 29 kati ya 40. Kama ungeniambia maneno yako mwaka huo, nisingekuwa na la kukujibu.

Mwaka 2019 viti vilipunguzwa hadi 34, Wahafidhina wakapata 16 na Chama cha Kijani (Green), kile cha watetezi wa mazingira, 12, ikawa hakuna chama chenye wingi. Kisha, tarehe 4 Mei 2023, Kijani walinyakua viti 24 na kuwaachia Wahafidhina 6 na Wademokrasia wa Kiliberali 4. Kabla ya siku hiyo hakuna halmashauri nchini Uingereza ambako Kijani walikuwa wamewahi kupata wingi wao wenyewe. Hata Brighton, mji unaojulikana kwa siasa zao, waliongoza bila wingi. Ni kweli kwamba mfumo wa anayeongoza kuchukua kiti hukuza ushindi, na mimi sikuandikii kukipigia debe chama chochote. Ninachotaka ukione ni kwamba kata za huko ni ndogo, baadhi zina diwani mmoja na nyingine wawili, na mgombea anayebisha hodi nyumba kwa nyumba miaka yote, si wakati wa kampeni tu, anaweza kuing'oa ngome ya muda mrefu kwa kura chache.

Mwaka uliofuata mambo yalifika bungeni. Julai 2024 Adrian Ramsay wa Kijani alishinda jimbo jipya la Waveney Valley, lenye mji wa Eye ndani yake, na jimbo lako la Bury St Edmunds na Stowmarket likaenda kwa Chama cha Leba.

Unaweza kuniuliza halmashauri yenyewe ina mamlaka gani. Barabara na shule ziko chini ya kaunti, lakini vibali vya ujenzi hutolewa na wilaya, na hapo ndipo panapowagusa watu, maana maombi makubwa ya kugeuza shamba kuwa mtaa wa nyumba mpya kwa kawaida hupita mbele ya madiwani. Jambo linalonishangaza ni kwamba tangu 2017 ofisi kuu ziko Ipswich, nje kabisa ya wilaya yenyewe, katika jengo moja na halmashauri ya wilaya jirani ya Babergh. Tena Desemba 2024 serikali ilitangaza nia ya kufuta mfumo huu wa ngazi mbili, yaani kaunti na wilaya, kwa hiyo hata umri wa halmashauri hiyo unahesabika.

Kuhusu haki yako, sheria iko wazi: raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye umri wa miaka 18, anayeishi huko kwa kibali halali, anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura, na Tanzania ni mwanachama. Kituoni utadaiwa kitambulisho chenye picha, utaratibu ulioanza katika uchaguzi huohuo wa 2023. Pasipoti yako ya Tanzania inakubaliwa. Kile kitambulisho cha kazini unachokivaa shingoni hakikubaliwi.

Kaka yako