Mkataba ukiisha je?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako kwamba umepata mkataba mpya wa utafiti wa figo na unahamia maabara nyingine nimeupata, na baba yako nimemsomea. Yeye alisema hongera, akarudi kwenye redio yake. Mimi hongera sijaitoa bado. Nitaitoa, usiwe na shaka, ila kwanza nijibu hili: mkataba huo mpya ni wa miaka 2, na ukiisha je?

Najua utasema ndivyo utafiti ulivyo. Umeshaniambia. Mtu anamaliza uzamivu, anapewa mkataba, halafu mwingine, na mshahara unatoka kwenye ruzuku ya mkuu wa maabara, kwa hiyo ruzuku ikikatika na mshahara umekatika. Mimi niliyekuwa nikikuhimiza usome sayansi kwa kuwa ni kazi ya uhakika, hapo sina la kusema. Tuendelee.

Usidhani sielewi unachokihangaikia. Wodi ya kusafisha damu nimeifanyia kazi mpaka nastaafu. Magonjwa yako wewe unayajua kwa darubini, mimi nayajua kwa upande wa kitanda. Wale wasichana wenye lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, wanaamka nyuso zimevimba, mkojo una povu kama la sabuni kwa protini inayovuja, ndio hao hao unaowaandika kwenye makala zako kwa lugha ya seli na kingamwili, zile protini za kinga ya mwili. Kabla ya kumwunganisha mtu na mashine nilikuwa naweka vidole juu ya ule mshipa alioungiwa mkononi, pale ateri na vena zilipokutanishwa, nausikiliza mtetemo wa damu ikipita. Ukiukosa mtetemo ujue mshipa umeziba, na siku ya mgonjwa imeharibika, na yako pia. Halafu nampima uzito. Kilo zilizoongezeka tangu kikao kilichopita ni maji tu, figo zimeshindwa kuyatoa. Anakaa saa 4, anapimwa tena, anakwenda nyumbani, na baada ya siku 2 yuko mlangoni.

Tulikuwa tunasafisha damu. Kwa nini kinga ya mwili imemgeuka mwenyewe ikashambulia figo zake, wodini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza, kwa sababu kitanda cha pili nacho kinasubiri. Wewe umekaa na swali hilo. Siku uliponieleza kwa nini figo ndizo zinazopigwa, kwamba kila moja ina vichujio kama milioni 1, na zote mbili zinachuja kiasi cha lita 180 kwa siku, hata vifurushi vya kingamwili vinavyozunguka kwenye damu vinanasa humo na kuwasha moto, niliona aibu kidogo kwamba nilifanya kazi miaka yote hiyo bila mtu kunieleza hivyo. Karatasi uliyonichorea bado ninayo. Majirani nimewaonyesha. Wamenisikiliza kwa adabu, kisha mmoja akaomba umwandikie dawa ya mgongo. Nikamwambia huyu si daktari wa kuandika dawa. Akaniuliza, sasa anafanya nini? Nilimjibu vizuri sana, ungefurahi. Lakini lau angeniuliza ataifanya mpaka lini, ningenyamaza.

Tangu uniambie unahama nimekuwa nikisoma. Nimesoma habari za yule daktari Mholanzi, Willem Kolff. Wajerumani wameikalia nchi yake, vifaa hakuna, naye mwaka 1943 akaunda mashine ya kusafisha damu kwa mirija ya selofani, ile ya kutengenezea soseji, akaizungushia kwenye pipa. Wagonjwa wake wa mwanzo walikufa karibu wote. Mwaka 1945 ndipo mama mmoja wa miaka 67, aliyeletwa hana fahamu, akazinduka. Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Huyu angekuwa na mkataba wa miaka 2, wangekuwa wameshamtoa kabla yule mama hajafumbua macho!

Na huo ugonjwa wa utando wa vichujio ulioufanyia uzamivu, mbona ni yale yale. Mtafiti Walter Heymann aliutia kwa panya mwaka 1959. Protini ambayo kingamwili za wagonjwa wengi zinaishambulia kwenye figo ya binadamu ikajulikana mwaka 2009. Nimepiga hesabu: mikataba 25 kama huo wako. Siandiki haya kukukatisha tamaa. Nakuandikia kwa sababu kazi yenyewe inakwenda kwa mwendo wa nusu karne, na wanaokuajiri wanahesabu miezi, na katikati yupo mwanangu.

Ile kampuni ya dawa iliyokuita kwenye usaili, ulikataa haraka mno. Uliniambia hutaki kufanya utafiti wa kuagizwa. Sawa. Ila wale wagonjwa wangu waliopandikizwa figo, wengi waliishi kwa saiklosporini, dawa ya kuuzuia mwili usiikatae figo mpya, na saiklosporini ilipatikana kwenye kuvu ya udongo wa Norwei, ikachunguzwa na watu wa kampuni. Aliyeuchota udongo huo alikuwa mfanyakazi wao, yuko likizo. Likizo, mwanangu. Wewe ya mwisho ulichukua lini? Sisemi urudi ukawapigie magoti. Nasema mlango mwingine usiufunge kwa kishindo.

Halafu kuna jambo hukuligusa kabisa. Zile sampuli za mkojo na damu ulizozikusanya kwa wagonjwa mmoja mmoja, ziko kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, unaziacha kwa nani? Mmeandikiana? Nani atakuwa na haki ya kuzitumia, na jina lako litakaa wapi makala ikitoka? Mkuu wako ni mtu mwema, umesema mara nyingi, lakini wema hausainiwi. Andikianeni kabla hujafunga begi. Madaftari yako ya maabara nakili yote. Na huko uendako, kabla ya kuuliza mashine zao, uliza waliokutangulia kwenye nafasi hiyo wako wapi sasa. Wapigie simu, si barua pepe. Mtu kwenye simu husema kweli zaidi.

Kula mchana. Jumapili panya wa maabara yenu wana mtu wa kuwalisha, si lazima awe wewe.

Umeniuliza tena habari za kipimo changu. Presha imetulia, dawa nameza. Zile za maumivu ya goti nimepunguza. Si kwamba nimeacha, nimepunguza. Najua kreatinini, ile taka ya damu inayopimwa kujua hali ya figo, inaweza kuonekana nzuri mpaka figo zimeshapoteza kama nusu ya kazi yake, na kwamba protini kwenye mkojo ndiyo inayowahi kutoa habari. Hayo nilikuwa nawahubiria wagonjwa kabla hujazaliwa, kwa hiyo usinitumie tena ile picha yenye mishale. Nitakwenda kupima ukishanitumia huo mkataba, kurasa zote, hata zile za maandishi madogo. Nataka kuona wameandika nini kuhusu kuongezewa muda, kuhusu bima, na kuhusu nani analipa ruzuku ikigoma katikati. Usinitumie muhtasari wako. Wewe huwa unafupisha yale usiyotaka niyaone.

Pesa ulizotuma zimefika. Nusu nimewekea paa la upande wa jikoni linalovuja, nusu nimekuwekea wewe kwenye ile akaunti. Usinibishie, utazihitaji kati ya mkataba na mkataba. Fundi amekuja, ameangalia, ameondoka, ndiyo kazi aliyoifanya mpaka sasa. Baba yako anasema ameelewana naye, na mimi sijui wameelewana nini.

Funguo ya kabati lako sijaiona. Kama uliondoka nayo sema, maana vyeti vyako halisi vimo humo na huko watavitaka.

Mdogo wako anaomba ahamie chumba chako, kina mwanga wa kusomea. Baba yako anasema apewe leo leo, wewe una maisha yako. Mimi nimemwambia asubiri miaka 2 tuone.

Mama yako